Chuma cha Upande wa Kuume

Siku ya Jumatano, Maalima Mahfudha alipofungua mlango wa choo cha wageni wanaume akakuta chuma cha mamake kimezikwa ukutani humo, kimenyooka, king'aavu, alipiga ukelele. Fundi Mutunga alikuwa darini akipima pa kuweka tangi. Alidhani mtu amekanyaga waya wa umeme, akashuka mbio ngazi yake ya mbao na penseli yake sikioni.

"Mutunga! Hiki n'nini?"

"Ni kile chuma, Maalima."

"Naona kuwa ni chuma! Sikukuuliza jina lake! Chafanya nini huku? Mamangu ni mwanamume? Nakuuliza, mamangu ana ndevu?"

Mutunga alikitazama chuma, akamtazama Maalima, akakirudia chuma tena. Alikuwa amekifunga kwa ufundi wa kutamanisha. Miguu yake miwili imeingia ukutani shibiri nzima, simiti imepakwa vizuri, na kigae hata kimoja hakikupasuka.

"Wewe ndiye uliyesema kiwekwe huku," akajibu pole pole.

Lahaula! Hapo ndipo alipotia mafuta motoni.

Nawe msomaji usimcheke Maalima kabla hujamjua. Mahfudha ni mwalimu wa chuo pale Kibokoni, na mwaka huu watimia ishirini na sita tangu aanze kuwasomesha watoto Kurani. Mtoto akiitoa herufi mahali pasipo pake, atairudia mpaka ikae, hata jua lizame. Na si watoto tu. Muuza mboga akimtajia bei kabla ya kumwamkia, hurudishwa nyuma mpaka kwenye salamu. Watu wa mtaa wanamheshimu, wengine wanamkwepa, na wote wanajua kwamba hasira zake hazikai mbali. Yeye mwenyewe husema si hasira, ni kupenda mambo yawe sawa. Haya, tumwachie.

Lakini safari hii hasira ile ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni mamake, Bi Mwanakuu.

Miezi saba nyuma, bibi huyo wa miaka sabini na minane aliamka alfajiri akitaka kutawadha, akajikuta mkono wa kushoto hauitiki. Mguu wa kushoto nao hivyo hivyo. Alikuwa akiishi orofa ya pili ya nyumba yao ya zamani, yenye ngazi nyembamba za kukwea kwa kushika kamba, na kurudi huko kukawa ni muhali. Ikabidi akakae Ganjoni, katika fleti ya mwanawe Abdulbasit, na mkewe Abdulbasit, Ruweida, ndiye aliyekuwa akimuangalia. Jioni Mahfudha akitoka chuoni huenda kumpokea wifi yake zamu.

Ruweida hana kosa. Naisema mapema, asije mtu akamtafutia. Alimtazama mavyaa wake kwa moyo mweupe, bila kukunja uso. Lakini Bi Mwanakuu ni mwanamke aliyejistiri maisha yake yote. Mumewe marehemu, aliyekaa naye miaka arubaini na moja, hakupata kumuona akichana nywele. Leo ainuliwe chooni kwa kushikwa kwapani, na mke wa mwanawe amchambe, amsafishe kwa maji kama mtoto! Mwezi wa kwanza alilia. Mwezi wa pili akanyamaza, na watu wa nyumba wakafurahi kuwa amezowea. Kumbe hakuzowea. Alikuwa ameanza kuacha kula.

Asubuhi nusu kikombe cha chai ya rangi. Mchana tonge mbili, tatu akibembelezwa sana. Usiku anasema ameshiba. Maji nayo anayaonja tu. Nguo zikaanza kumpwaya, pete ikamtoka kidoleni ikaanguka yenyewe. Daktari akafoka kwamba mgonjwa hatauawa na kiharusi, atauawa na njaa. Mahfudha alipomkabili mamake na sahani mkononi na kumuuliza mbona hivi, Bi Mwanakuu alimjibu neno moja tu.

"Kiingiacho hutoka, mwanangu."

Mahfudha alikwenda kuiosha sahani ile na machozi yanamtoka, huku akisugua masufuria kwa vishindo ili asisikike.

Sasa, kule hospitali walikomfanyisha mazoezi kulikuwa na choo chenye chuma ukutani. Bi Mwanakuu alikishika kwa mkono wake mzima, akakaa peke yake, akainuka peke yake, mambo yake mengine akayamaliza kwa mkono huo huo mmoja. Alitoka na uso umemkunjuka. Lakini mwenye nyumba wa Ganjoni hakutaka kusikia habari ya kutoboa kuta zake, na Abdulbasit alimwendea mara tatu. Basi tumaini lote likawa kwenye nyumba mpya, hii ya chini, isiyo na ngazi hata moja, waliyokuwa wakiijenga Kibokoni kwenye kiwanja cha bohari ya marehemu baba yao. Kuhamia ilikuwa Ijumaa. Bi Mwanakuu alikuwa ameahidi kwa kinywa chake: siku nitakayokuwa na choo changu, nitakula.

Na Jumatano hii choo chake hakina chuma. Chuma kiko kwa wanaume, mlangoni, karibu na ukumbi wa wageni.

"Mimi niliyesema?" Maalima alimsogelea Mutunga. "Mimi? Nina wazimu? Niseme chuma cha mgonjwa afungiwe Abdulbasit na wenziwe?"

Mutunga hakubishana. Ni mtu wa Mwingi, mpole, miaka kumi na miwili yuko Mombasa na amejenga nusu ya vyoo vya Makupa. Alitoa simu mfukoni, akaifuta vumbi kwenye suruali, akatafuta ujumbe wa sauti wa wiki iliyopita, akaubonyeza. Sauti ya Maalima mwenyewe ikajaa choo kizima.

"Mutunga, hujambo. Kile chuma cha mamangu kikitoka kwa mchomeleaji, kiweke upande wa kuume. Kuume, Mutunga. Upande wa kike usiweke kitu, wa kike hauna kazi tena. Wanisikia? Haya, kwaheri."

Maalima akaagiza irudiwe. Ikarudiwa.

"Si umesikia?" akasema. "Kuume! Nimetamka wazi, mara mbili!"

"Ndiyo, Maalima. Upande wa wanaume. Na wa kike nisiweke kitu."

Ewe Mola wangu! Kwa Bi Mwanakuu na wanawe, kama ilivyokuwa kwa wazee wao wa Mvita, mkono unaolia wali ni mkono wa kuume, na mwenziwe, huo wa kushoto, ni mkono wa kike. Maalima hajapata kufikiri kwamba kuna binadamu ajuaye Kiswahili asiyejua hilo. Na Mutunga anakijua Kiswahili, cha shule na cha mjengo, ila neno kuume halijapata kupita mbele yake. Tena ni nani aliyemzungusha kwenye kiwanja hiki siku ya msingi akimwonyesha kwa kidole: wanaume huku mbele, wanawake huku ndani, wasipishane? Ni huyo huyo Maalima. Mtu wa watu akajumlisha mbili na mbili.

"Kuume ni kulia!" Maalima akapiga kofi mlango. "Kulia! Mkono wa kulia! Na wa kike ni wa kushoto, ule uliokufa!"

"Sasa Maalima, si ungesema kulia?"

"Nimesema! Nimesema kwa Kiswahili!"

"Na mimi nimesikia kwa Kiswahili."

"Wewe umesikia kwa masikio ya mbao! Na lau hukufahamu, ulimi huna? Huulizi? Umeona akili gani hiyo, kumfungia chuma mtu mwenye miguu yake na kumwacha asiye nayo?"

"Nilidhani ni mambo ya dini," Mutunga akasema, na alisema kweli. "Hayo sisi hatuulizi."

Maalima alisimama pale akihema, buibui limemteleza begani, na mbele ya macho yake aliiona sahani ya mamake na tonge mbili zilizoliwa pembeni. Siku mbili zimebaki. Simiti ya kuzikia chuma chenye miguu ile yataka siku nzima isiguswe, vinginevyo mtu atakivuta na ukuta. Kwa hiyo kikitolewa leo kikafungwa kesho asubuhi, Ijumaa mchana kitashika. Kikikosewa tena, hakuna Ijumaa.

"Nifuata," akasema.

Alimwongoza kupitia ukumbini, akapita chumba cha mamake, akafika kwenye choo chake. Ni kichoo chembamba kilichopigwa vigae vya kijani, na choo cha kukalia kiko ukuta wa mwisho, kimeelekea mlango. Ukuta huku, ukuta huku, mtu akiketi hufikia zote mbili. Maalima alisimama kizingitini kama asimamavyo mbele ya watoto wake wakati wa kusikiliza sura. Akauinua mkono wake wa kulia juu.

"Huu ni mkono gani?"

Mutunga ana watoto wanne na mmoja yuko sekondari. "Wa kulia," akajibu.

"Sema kuume."

"Maalima..."

"Sema kuume!"

"Kuume."

"Vyema." Akaingia ndani, akaupiga kofi ukuta wa mkononi mwake wa kulia, pa! "Na huu ni upande gani?"

"Kuume."

"Hapa! Hapa ndipo! Umepaona, ama nikuletee taa?" Akamnyofoa Mutunga penseli sikioni, akachora msalaba mkubwa kwenye kigae, akaukoleza mpaka ncha ikavunjika. "Si kwa wanaume, si darini, si barabarani. Hapa!"

Mutunga aliutazama msalaba ule. Akakitazama choo. Akauinua mkono wake mmoja kidogo, akaugeuza kiganja, kisha akageuka nusu, akawapa mgongo vigae kama mtu anayetaka kukaa.

"Maalima," akasema, "na mtu akishakuwa ameke..."

"Usinifundishe!" Sauti ilitoka na mate. "Mimi ndiye nifundishaye! Umeniharibia siku zangu mbili, sasa wataka kuniongezea maneno? Nimekuonyesha kwa mkono wangu, nimekuchorea kama mtoto wa alifu. Neno jingine sitaki. Fanya nilivyosema, nilivyosema tu, uende zako!"

Mtu akishaambiwa hivyo, na akaambiwa na mwenye nyumba, na chozi limemsimama huyo mwenye nyumba jichoni, atafanya nini? Mutunga alikwenda kuchukua nyundo na patasi.

Alhamisi asubuhi chuma kilikuwa msalabani pake. Maalima alikuja baada ya darasa la adhuhuri, akakitazama kwa mbali asikiguse, akaona kimenyooka. Akatoa shukrani kwa Mungu, na kwa Mutunga akatoa "haya" moja tu. Kisha akaingia sokoni. Alinunua nazi sita, na kuku wa kienyeji, na ndimu, na pilipili za kutia achari, kwani mamake alikuwa ametaja mwenyewe anachokitaka: wali wa nazi na kuku wa kupaka. Mtu asiyetaka hata maji, leo anataja chakula kwa jina! Mahfudha alikuna nazi zile huku akiimba.

Ijumaa baada ya sala, Bi Mwanakuu aliletwa kwa gari mpaka mdomoni mwa kichochoro. Kichochoro ni chembamba, gari haliingii, kwa hivyo Abdulbasit na Mutunga wakamkalisha kitini wakamchukua. Alikuwa amevaa leso mpya, amejitia wanja, amekonda mpaka kiti hakikuwalemea. Ruweida alifuata nyuma na mkoba wa dawa. Harufu ya kuku wa kupaka ilikuwa imewatangulia mlangoni, na bibi akaivuta puani kwa furaha isiyofichika.

"Karibu nyumbani, mama," Mahfudha akambusu mkono. "Chakula ki tayari."

"Chakula baadaye. Nionyesheni choo changu."

Walimwonyesha. Alisimama kizingitini na mkongojo wake, akavitazama vigae vya kijani, akakiona chuma kinametameta, akacheka. Walikuwa hawajamsikia akicheka tangu ugonjwa umpate.

"Haya, nendeni. Nifungieni mlango."

Ruweida alitaka kumshika kiwiko. Bibi akautoa mkono wake. Mlango ukafungwa, na Ruweida na Mahfudha wakabaki nje wameshikana vidole kama wasichana. Waliusikia mkongojo ukigonga kigae, mara moja, mara mbili. Wakasikia kishindo kidogo cha mtu kukaa. Ruweida akatabasamu. Kisha hakuna kilichosikika. Muda ukaenda, ukazidi, na bado hakuna.

"Mahfudha."

Sauti haikuwa ya ugonjwa, ilikuwa imetulia mno. Mahfudha akafungua.

Mamake alikuwa ameketi na nguo zake zote mwilini. Mkono wake wa kulia ameunyoosha kwenye ukuta, na kiganja kinatambaa juu ya vigae vitupu, huku na huku, kinatafuta. Upande wa pili, karibu na ule mkono uliomlalia mapajani kama si wake, chuma kilikuwa kimenyooka vizuri kabisa.

"Mwanangu," Bi Mwanakuu akasema, "mumenifungia mkono uliokufa."

Damu ilimpanda Mahfudha kichwani. "Mutunga!" Ukelele wake ulifika mpaka barabarani, na watu waliokuwa wakitoka msikitini wakasimama. "Mutunga! Nguruwe wewe, njoo uone ulichokifanya!"

Mutunga alikuja mbio kutoka ukumbini. Alisimama nje ya mlango, akageuza uso asimtazame bibi. Mahfudha alinyoosha kidole kwenye chuma, kinywa kimejaa matusi ambayo mwalimu wa chuo hapaswi kuyajua. Na hapo, chini kidogo ya mguu wa chuma, kwenye kigae, akauona mkia wa msalaba wa penseli, umekolezwa mpaka kigae kimekwaruzika.

Yeye alichora akiwa amesimama ameelekea choo. Mamake huketi ameelekea mlango.

"Nilitaka kusema, Maalima," Mutunga akasema kwa sauti ya chini.

Matusi yale hayakupata pa kwenda. Yakamrudia. Mjinga wewe, akajiambia, mjinga, jeuri, domo kubwa! Mtu mzima amekuja na neno mkononi ukampiga kofi la mdomo! Angalilisikia neno moja, moja tu, mama angalikuwa anainuka sasa hivi. Alijichukia mpaka meno yakamuuma. Na la kumuudhi kupita yote ni kwamba Mutunga hakuwa na uso wa kusuta. Alikuwa anamwonea huruma.

"Hebu tulizaneni," Bi Mwanakuu akasema. "Wewe fundi, waitwaje?"

"Mutunga, mama."

"Mutunga, geuka tu, nina nguo zangu. Tazama." Akaugonga ukuta wa kulia kwa kifundo cha kidole, palepale mkono wake ulipofikia bila taabu. "Ni hapa. Miezi saba mwanitafutia pa kushika, na hakuna hata mmoja aliyenikalisha akaniuliza."

Mutunga alichora alama ndogo kwa wino, akampimia bibi tena, akauliza kama iwe juu zaidi au chini zaidi, akaambiwa chini kidole kimoja. Mahfudha na Ruweida walimwinua mama yao, huku amefumba macho, wakamtoa. Nyundo ikaanza. Saa nzima nyumba mpya ililia nyundo, na vipande vya vigae vya kijani vikatolewa kwa karai. Mutunga alipomaliza alinawa mikono kwenye mfereji wa uani, akaja kusimama ukumbini.

"Kimekaa sawa," akasema. "Lakini ni simiti mbichi. Mpaka kesho alasiri asikiguse. Akikivuta leo kitatoka naye."

Mkeka ulikuwa umetandikwa. Wali mweupe ulifuka moshi kwenye kombe, kuku ameiva na tui lake zito, achari iko pembeni. Mahfudha alimpakulia mamake kwa mkono wake, akachambua mifupa, akachagua paja lililonona, akaweka sahani mbele yake.

Bi Mwanakuu aliitazama sahani ile muda mrefu. Alimeza mate, wote wakamuona.

"Kula, mama," Mahfudha akasema, na sauti yake, ile ya kuogopwa na mtaa mzima, ilikuwa imekatika katikati. "Kula, nakuomba. Ni leo tu. Si Ruweida atakayekushika, ni mimi. Mimi mwanao."

"Wewe nalikuchamba mimi," Bi Mwanakuu akasema. "Sikukuzaa uje unichambe."

Kisha kwa mkono wake wa kuume akaisukuma sahani taratibu mpaka ukingoni mwa mkeka, aliposimama Mutunga.

"Mpeni fundi, ametoka jasho. Mimi nitakula kesho."